Mtumbwi Ukiwa Majini Hauhesabiwi

Eliza alikaa darasani kwangu miezi minne bila kutoa neno. Siku alipofungua mdomo alisema neno moja tu, "Miwili," na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Kesho yake asubuhi nilitamani neno lile lingebaki tumboni mwake.

Mimi si mwalimu wa cheti, nianze na hilo. Nilimaliza darasa la saba kule Ukata, milimani kwetu Wamatengo, nikakaa nyumbani nachuma kahawa ya baba, kisha Aidan akanioa akanishusha huku ziwani. Shule mama iko ng'ambo ya mto na masika watoto wadogo hawavuki, ndipo kijiji kikafungua shule shikizi. Ni chumba kimoja, lilikuwa banda la kuuzia samaki, na jua likipanda bado linanuka usipa. Msichana wa kidato cha nne aliyekuwa akifundisha alipata kazi Songea. Wakanitazama mimi, kwa sababu kanisani nilikuwa nasoma somo bila kukwama. Mwalimu Kilian, mkuu wa shule mama, akasema, "Shika kwa muda, dada, mpaka tupate mtu." Muda wenyewe sasa ni mwaka wa pili.

Mwalimu Kilian ndiye aliyerudi na habari za semina ya walimu. Tulikaa kwenye benchi, akanieleza kwa mikono.

"Watoto si magunia, Hildegardi, kwamba unafungua mdomo unamimina. Yupo mtoto wa sikio, yupo wa jicho, yupo wa mkono. Kila mmoja mtafutie mlango wake. Na mfano utoke kwao, usiutoe kitabuni tu."

Niliandika yote kwenye daftari. Kisha nikaanza kuwatazama watoto mmoja mmoja, kwa sababu kutazama ndiyo kazi ninayoiweza. Xaveri alikuwa wa sikio. Ukimwimbia jambo mara mbili analo. Gaudiosa alikuwa wa jicho. Eliza, binti wa Cuthbert na Lidia, miaka saba, sikumpata. Nyimbo hakuimba. Ubaoni hakutazama. Nyumbani anasema na mama yake kwa Kinyasa, maneno machache, lakini akivuka mlango wa banda mdomo unafungwa kama mlango wa duka Jumapili.

Mfano nao niliukosea mwanzoni. Kwetu mtoto anajifunza kuzidisha shambani, kwenye ngolo, yale mashimo tunayoyapanga kwa safu mteremkoni ili mvua isibebe udongo. Nikachora safu nne, kila safu mashimo sita. Xaveri akanyoosha kidole.

"Mwalimu, mashimo yote hayo, amekufa nani?"

Darasa zima likaanguka kicheko, na mimi nikacheka nao. Nikaona, sawa, hawa ni watu wa maji. Nikashuka ufukweni siku tatu nikatazama kinachowazunguka: vichanja vya kuanikia usipa, nyavu, makasia, mitumbwi. Kitongoji chetu kina mitumbwi tisa na kila mtoto anaijua kama anavyowajua shangazi zake.

Basi Jumanne ile nikaleta magunzi tisa. Nikachora mstari sakafuni kwa mkaa: huku maji, huku mchanga.

"Huu wa baba!" Gaudiosa akasema, akashika gunzi.

"Huu wa Steven, una kiraka!"

"Huo si wake, wa Steven mfupi!"

Hata Eliza alisogea. Akachuchumaa, akachukua gunzi moja refu, akalishika kifuani. Nilijua ni la baba yake. Nikasema polepole, nisimtishe, "Mitumbwi tisa imetoka jioni. Asubuhi saba imefika mchangani. Iliyobaki majini ni mingapi?"

Eliza akaweka gunzi lake majini pamoja na mengine. Akaanza kuyavuta, moja moja, kuyavusha mstari, na kila moja aliligeuza ncha itazame nchi kavu kama wanavyofanya wavuvi. Alipofika saba akasimama. Akatazama yaliyobaki. Akasema, kwa sauti nene kuliko nilivyoitarajia, "Miwili."

Nikapiga makofi. Watoto hawakupiga. Gaudiosa alifunika mdomo, na Xaveri, ambaye hanyamazi hata akila, alinyamaza. Niliona hayo yote. Nikajiambia wameshangaa kumsikia Eliza. Niliona sawasawa, nikasoma vibaya.

Jioni nilimkuta mama mkwe wangu, mama Albina, kwenye kichanja, anachambua usipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Za huko bandani?"

"Leo Eliza kasema!"

"Eliza wa Lidia? Ee, Mungu mkubwa. Kasema nini?"

"Kasema miwili."

"Miwili nini?"

Nikamweleza: magunzi, mstari, saba mchangani. Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka haraka kwenye samaki, ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Nani kakutuma?"

"Mama, ni magunzi tu."

"Ulitaja iliyobaki majini?"

"Ndiyo. Ni hesabu ya kutoa."

Akatazama huku na huku kama kuna mtu anatusikiliza. "Huku, mtumbwi ukiwa majini hauhesabiwi. Mwanamke anayesubiri hata haulizi wamerudi wangapi. Anauliza, 'Wapo?' Anajibiwa, 'Wapo.' Basi. Mtumbwi ukishagusa mchanga, hesabu mpaka uchoke."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani humwambia mtu avae nguo akitoka nje?"

"Kwetu kahawa tunaihesabu ikiwa bado mtini, mama."

"Kahawa haizami, mwanangu."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hofu. Mama Albina akikasirika hupiga kelele. Akiogopa hushusha sauti. Jua lilikuwa bado juu ya maji.

Wanaume walikuwa wanasukuma mitumbwi. Nikamkimbilia Aidan, nikamshika shati.

"Usiende leo."

"Kuna nini?"

Nikamweleza. Akacheka, na wenzake wakacheka. "Mmatengo huyu anaogopa maji hata ya kuoga! Niachie shati, mama, litachanika, nitavaa nini kanisani?"

Cuthbert alikuwa karibu, na mdogo wake Pankras, kijana wa miaka kumi na tisa, anakunja wavu. Nadhani Cuthbert alisikia, maana alinitazama. Pankras akaniambia, "Shemeji mwalimu, kesho nakuletea samaki mmoja mkubwa, mbasa, uwafundishie hesabu hao watoto. Mmoja! Hakuna wa kutoa hapo." Wakacheka tena, wakatoka.

Niligeuza uso nisiwaone. Lakini ukishajua kuhesabu huwezi kujizuia. Masikio yangu yalihesabu. Kila mtumbwi ulipoacha mchanga ulitoa mkwaruzo, na mimi nilisikia mikwaruzo tisa.

Usiku wa upepo sitausimulia. Wenyewe wanauita mwera, unatoka kusini, na bati zetu zililia mpaka mama Albina akahamia kitandani kwangu bila kuomba ruhusa.

Kulipopambazuka kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo na mawimbi yalivunjika mbali kuliko kawaida. Mtumbwi wa Aidan ulikuwa wa tatu kuingia. Alishuka akitetemeka, midomo myeupe, akapita mbele yangu bila kunigusa akaenda kusaidia kuvuta ulioufuata. Wanawake walikuwa wanauliza, "Wapo?" Wanaume wanajibu, "Wapo." Wapo, wapo, wapo. Kisha mtumbwi mmoja ukaingia, na baada yake maji yakabaki matupu. Wanawake waliendelea kuuliza "Wapo?" na hakukuwa na wa kuwajibu.

Hakuna aliyetaja saba. Mimi nilikuwa nayo kichwani kama mwiba. Haukuwepo mtumbwi wa Steven na mwanawe. Haukuwepo wa Cuthbert na Pankras.

Lidia alisimama maji yakimgusa vidole vya miguu, khanga kaiuma kwa meno. Eliza alishika pindo la khanga ile kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa chini, ubavuni, na nikaona vidole vinakunjwa, kimoja kimoja. Alipomaliza akageuka akanitafuta kati ya watu wote wale mpaka akanipata. Hakulia. Alinitazama kama mtoto anayesubiri kuambiwa kama jibu lake ni sahihi.

Nikakaa mchangani.

Nyuma yangu mwanamke akasema, bila kuficha sauti, "Wa kwake karudi."

"Si ndiyo nashangaa," mwingine akajibu. "Wa kwake karudi."

Tangu nishike darasa lile wananiita mwalimu. Asubuhi ile nilisikia "yule Mmatengo," na "huyo wa milimani," na mara moja, kutoka kwa mtu niliyemfundishia watoto watatu, nilisikia neno ambalo sitaliandika. Aidan alikuja akasimama karibu yangu. Alikuwa ameshika kasia, na sikujua ni kwa sababu hajakumbuka kuliweka chini au ni kwa sababu yangu.

Watu wakapiga simu vijiji vya kaskazini, maana upepo ulikuwa unasukuma huko. Kila simu ilipoita, watu wote waligeuka. Hakuna aliyeona kitu. Saa tatu, saa nne, saa tano. Kina mama walikuja wakawatoa watoto wao karibu nami, wanawavuta kwa mkono kama unavyomwondoa mtoto karibu na mbwa usiyemjua.

Kwenye saa sita Steven alitokea njia ya juu, anatembea kwa miguu, na mwanawe nyuma yake. Upepo uliwatupa kwenye miamba nyuma ya rasi, mtumbwi umepasuka, wao wazima. Mkewe alimpiga ngumi za kifua kisha akamkumbatia. Lidia akamsukuma mke wa Steven pembeni.

"Na Cuthbert?"

Steven akatazama chini. "Niliiona taa yao, shemeji. Kisha sikuiona tena."

"Mlikuwa karibu?"

"Karibu."

"Sasa mbona wewe uligeuza na yeye hakugeuza?"

Steven akafungua mdomo, akaufunga. "Upepo," akasema. Nilimwangalia. Kulikuwa na neno jingine hapo, alilimeza. Lakini wakati ule nilikuwa naogopa mno kufikiri maneno ya watu wengine.

Mzee Henry, mwenyekiti wa kitongoji, akanyoosha fimbo yake, watu wakasogea. Ni mtu wa haki, simsingizii. Alisema, "Hapa hatutafuti mchawi. Asitaje mtu neno hilo mbele yangu. Lakini idadi imetajwa, na watoto wamelala nayo majumbani. Desturi yetu mnaijua. Aliyetaja aingie majini mpaka magotini, aoshe mdomo, aseme, 'Wapo.' Aifute. Mwalimu, ni kweli?"

"Kufuta tu?" sauti ya mwanamume ikasema kutoka nyuma. "Angepotea mtu wa kwao milimani, wangefuta tu?"

"Nyamaza wewe. Mwalimu?"

Nikasimama. Nilitaka kusema nisamehe, mzee, sikujua. Kabla sijasema, Xaveri akatokeza kichwa kwenye mapaja ya bibi yake. Alitaka kunisaidia. Mpaka leo najua alitaka kunisaidia.

"Lakini mzee, mwalimu hakutaja. Mwalimu aliuliza tu. Aliyetaja ni —"

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Ni mimi niliyetaja!"

Nilipiga kelele mpaka Xaveri akarudi nyuma. Nikaanza kutembea kuelekea majini kabla mtu hajauliza la pili. Nilitazama watoto wangu, ishirini na mmoja, wametapakaa katika kundi lile, kila mmoja na mdomo wake, na wote walikuwepo Jumanne. Ilitosha mmoja aseme. Kila hatua nilisubiri kusikia jina la Eliza likitajwa.

Mimi sijui kuogelea. Wimbi la kwanza lilinipiga mapajani, likanivuta mchanga chini ya nyayo. Nikachota maji, yana udongo, nikatia mdomoni, nikayatema. Nikasema, "Wapo." Sauti haikutoka. Nikasema tena, "Wapo!"

Na nyuma yangu, sauti nene ile, ikasema, "Ni mimi."

Nikageuka. Eliza alikuwa ameachia khanga ya mama yake. Alisimama peke yake kwenye mchanga, mikono imebana mapajani kama ninavyowafundisha wasimame wakijibu swali.

"Ni mimi niliyesema miwili," akasema.

Wengi pale walikuwa hawajawahi kumsikia mtoto yule. Lidia aligeuka polepole, akamtazama binti yake. Akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja kwa nguvu, mpaka shingo ya mtoto ikapinda nyuma. Nikadhani anamuua. Nikaanza kukimbia, maji yananizuia, nimenyoosha mikono, na Lidia akamwinua Eliza, kiganja kikiwa bado mdomoni, akapita naye katikati ya watu akaenda zake nyumbani. Watu wakampisha. Nilisikia mtu anasonya. Mzee Henry akasema, "Mtoto hana kosa. Nimesema. Nendeni majumbani," na hakuna aliyekwenda.

Saa kumi jioni simu iliita. Vijana wa kijiji cha tatu kaskazini wamemkuta Cuthbert ufukweni, kakumbatia dumu tupu, mkono umevunjika, anapumua. Peke yake. Pankras alipatikana siku ya tatu. Tulimzika Jumamosi, na kanisani sikusoma somo. Nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Wiki nzima banda lilifungwa. Mwalimu Kilian alikuja kwa pikipiki, akakaa kwenye benchi lile lile.

"Nimesikia. Sasa sikiliza, dada. Rudi kitabuni. Maembe na machungwa. Hakuna aliyekufa kwa embe."

"Si wewe uliyesema mfano utoke kwao?"

Akajikuna kichwa. "Nilisema utoke kwao. Sikusema utoke kwao bila kuwauliza wenyewe kwanza." Halafu, kwa sababu ni mtu mwema, akaongeza, "Na mimi nisingejua. Kwetu ni Namswea, milimani kama wewe."

Tulipofungua walikuja watoto tisa. Sikuwahesabu kwa sauti. Nilifundisha maembe, na kila mtu mzima aliyepita dirishani nilidhani amekuja kunitoa.

Siku ya nne alikuja Lidia. Alimshika Eliza mkononi, akamsukuma kidogo mbele yangu. Alikuwa amekonda.

"Hasemi," akasema. "Hata nyumbani sasa. Hata maji haombi. Usiku anakaa kitandani macho wazi. Nimempiga, nimembembeleza, nimempeleka kwa mchungaji."

"Lidia, dada yangu —"

"Usiniite dada yako. Ulimpa sauti mwenyewe, wewe na magunzi yako. Mrudishie."

Akaondoka. Mtoto akabaki amesimama.

Nilijaribu. Nilimwimbia. Nilimchorea. Nikamletea vitu vya mkono: mawe, vifuniko vya soda, maharage. Alichukua harage moja, akalifumbata, na nilipompa la pili alilisukuma. Kila kitu alitaka kimoja. Nikiongeza, anakisukuma, na mwili wake unakaza kama mtu anayesubiri kupigwa. Nikaelewa. Mtoto huyu aliogopa kwamba akitamka tena, mtu mwingine atakufa. Alikuwa anatulinda sisi wote kwa kunyamaza, hata mimi. Na mimi nilikuwa namwimbia nyimbo.

Hapo ndipo nikamkumbuka Steven, alivyofungua mdomo na kuufunga.

Niliogopa kwenda kwa Cuthbert kuliko nilivyoogopa wimbi lile. Nilikwenda mchana, wakati Lidia yuko shambani. Alikaa nyuma ya nyumba, mkono umefungwa kwa plasta, anatazama ukuta. Hakuketi upande wa ziwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Hakugeuka.

"Nakuomba uje darasani, shemeji. Useme na watoto."

"Niseme nini?"

"Kilichotokea."

"Kila mtu anajua kilichotokea."

"Eliza hajui. Eliza anajua alichosema yeye tu."

Sasa aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu. "Nani kakwambia kuna kingine?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilimwangalia Steven."

Alisimama. Ni mtu mkubwa, na mkono mmoja ulimtosha. Nikarudi nyuma mpaka nikagonga kichanja. "Toka," akasema. "Toka kwangu, mwanamke wewe. Ulianza na mitumbwi yetu, sasa unataka kuingia ndani ya mtumbwi kabisa."

Nilitoka. Usingizi sikuupata. Nilimwambia Aidan afunge mlango kwa komeo, akafunga bila kuniuliza.

Asubuhi nilikuwa naandika tarehe ubaoni, watoto wakanyamaza wote kwa pamoja. Cuthbert alikuwa mlangoni. Mwili wake uliziba mwanga. Chaki ikaniponyoka.

"Shikamoo," watoto wakasema.

"Marahaba." Akaingia. Hakukaa kwenye kiti nilichomsogezea. Alikaa sakafuni, kwa shida, akikinga mkono. Akatazama weusi wa mkaa uliobaki pale, akaufuta kwa kiganja. Akaomba mkaa. Nikampa.

"Sogeeni," akasema.

Wakasogea, wamemzunguka. Eliza alibaki kwenye benchi. Cuthbert hakumwita. Alichora.

"Hapa nchi kavu. Hapa kusini. Sisi tulikuwa hapa, Steven hapa. Hapa, chini kabisa, palikuwa na wingu. Refu, jeusi, kama mkeka uliokunjwa." Akalikandamiza wingu lile kwa mkaa mpaka mkaa ukavunjika. "Mvuvi akiona wingu hilo anavuta wavu anarudi. Hata nyie mnajua. Gaudiosa, baba yako akiona hilo anafanyaje?"

"Anarudi," Gaudiosa akanong'ona.

"Anarudi. Steven alinipigia kelele. 'Cuthbert, mwera huo, twende!' Nikamjibu, 'Mvuto mmoja tu.' Usipa walikuwa wengi, hujapata kuona. Tukavuta mmoja. Nikasema, mmoja tena. Tukavuta. Nikasema, mmoja wa mwisho." Akaokota kipande cha mkaa uliovunjika. "Mtumbwi ulikuwa umejaa mpaka mdomoni upepo ulipofika. Haukuzama kwa sababu kuna mtu alisema kitu huku mchangani. Huku mchangani hata mngeimba, ziwa halisikii. Ulizama kwa sababu mimi niliona, nikabaki."

Mlangoni palikuwa na watu. Lidia alikuwa wa mbele, jembe begani. Sikujua amefika lini. Nilitazama uso wake nikaona kwamba na yeye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza, nikaogopa upya, kwa ajili ya nyumba ile.

Benchi likalia. Eliza alikuwa ameshuka. Alikuja mpaka kwenye mchoro, akachuchumaa, akauweka mkono wake juu ya lile wingu. Alipouinua kiganja kilikuwa cheusi. Akakitazama muda mrefu. Na mimi, ambaye miezi yote nilimwomba Mungu aseme, niliomba asiseme kitu.

"Baba mdogo aliliona?" Eliza akauliza.

Cuthbert akafumba macho. Nilidhani hatajibu. Mtu mzima anaweza kukataa swali la mtoto, hakuna anayemlaumu. Angeweza kusema hapana, na Pankras asingefufuka kumsuta.

"Aliliona kabla yangu," akasema. "Yeye ndiye aliyenionyesha. Alisema, 'Kaka, turudi.'"

Lidia alishusha jembe. Nje mtu alianza kulia, mwanamke, sikumjua ni nani.

Eliza akapita juu ya mchoro, magoti yakiburura mkaa, akakaa karibu na baba yake upande wa mkono mbovu. Hakumgusa. Akauchunguza ule mkono uliofungwa, kuanzia kwenye vidole mpaka kiwikoni.

"Unauma?"

"Unauma sana, mama," Cuthbert akasema.